Mawe ya Bure

Upande wa kaskazini-mashariki wa jiji la Minneapolis, kule Marekani, kilikuwapo kiwanda kilichofanya kazi tangu mwaka 1938 hadi 1989. Kiliitwa Western Mineral Products. Nje yake kulikuwa na lundo la mawe yaliyopondwa, mabaki ya tanuri, na hapo pamewekwa kibao cha kuwaambia wapita njia kwamba mawe ni ya bure. Nani anakataa cha bure? Kina baba walibeba kwa matoroli wakatandaza kwenye njia za magari. Kina mama wakamwaga kwenye bustani za maua. Watoto, ambao hawangoji kibao, walipanda juu ya lundo wakateleza mpaka chini, wakapanda tena, mpaka walipoitwa kula. Jioni walirudi nyumbani wanameremeta vumbi kama dagaa waliotoka ziwani.

Mawe yale yalikuwa na asbesto. Mabaki ya aina ile yalipokuja kupimwa, yalionekana kubeba hadi asilimia 10.

Ndugu msomaji, najua unachotaka kuniuliza. Kijana wa Kiseke, Manispaa ya Ilemela, anayepanda daladala kila asubuhi akiwa amening'inia mlangoni, anatafuta nini Minneapolis? Subiri kidogo. Mwaka jana kuna jengo la zamani lilikuwa linavunjwa upande wa Nyakato, na jamaa waliopewa kazi ya kulivunja wakawa wanagawa mabati ya paa kwa yeyote mwenye mkokoteni. Si mabati ya chuma. Ni yale mazito ya kijivu, yenye mawimbi makubwa, ambayo ukiyagonga hayalii. Wazee wanayaita mabati ya asbesto. Mama mwenye nyumba wangu alipata kumi na mawili, akafurahi sana: banda la kuku limepatikana, na jiko la nje pia. Akamwita fundi aje ayakate.

Mimi nikakumbuka kwamba niliwahi kusikia neno hilo likitajwa kwa ubaya. Lakini "niliwahi kusikia" si hoja ya kumwambia mama aliyekwisha kulipa mkokoteni. Ndipo nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa moja tu: mahali palipokuwa na kiwanda, au jengo, au lundo, na sasa kazi imekwisha na wenyewe wameondoka, mtu anajuaje kwamba pana sumu? Macho hayaoni na pua hainusi. Swali hilo limejibiwa vizuri katika historia ya jiwe moja linaloitwa vermikulaiti.

Vermikulaiti ni jiwe la jamii ya ulanga, lile linalobanduka kama kurasa za kitabu. Kati ya kurasa zake pana maji. Ukilitia kwenye tanuri lenye joto kali sana, maji yanageuka mvuke ghafla, kurasa zinasukumwa, na jiwe linaumuka kama andazi mpaka linakuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyokuwa. Linapoumuka hujinyonganyonga, na jina lake limetoka hapo: kwa Kilatini ni habari za mnyoo. Likishaumuka linakuwa jepesi, haliungui, halipitishi joto, linashika maji. Basi watu wakaliweka juu ya dari kuzuia baridi, wakalichanganya na udongo wa bustani, wakalibebeshea mbolea na dawa. Jiwe zuri, kusema kweli. Na lenyewe kama lenyewe halina kosa.

Kosa lilikuwa la mlima mmoja. Karibu na mji mdogo wa Libby, jimbo la Montana, vermikulaiti ilikuwa imelala pamoja na nyuzi za asbesto za jamii ya tremolaiti, vimechanganyikana kama mchele na chuya. Kuchimba huko kulianza kibiashara miaka ya 1920, na mali ikauzwa kwa jina la Zonolite. Mwaka 1963 kampuni ya W. R. Grace ikaununua mgodi, ikauendesha mpaka 1990. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vermikulaiti ya dunia nzima ilitoka kwenye mlima huo mmoja.

Na walijua. Hapa ndipo niliposimama kusoma nikatoka nje kupunga upepo. Mwaka 1956 mkaguzi wa afya wa jimbo alipanda mpaka kwenye kinu, akaona vumbi, akaandika ripoti kwamba ndani ya vumbi lile mna asbesto na kwamba ni hatari. Mwaka 1956! Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Ripoti ikapelekwa, ikasomwa, ikawekwa kabatini, na mgodi ukaendelea kwa miaka 34 mingine.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Zikipaa hewani hazishuki upesi. Ukizivuta, zinaingia ndani kabisa ya mapafu na mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitema. Zinakaa. Pafu linajijengea makovu kuzizunguka, linakakamaa, na hiyo ndiyo asbestosisi. Nyingine zinaleta saratani ya mapafu, na nyingine saratani ya utando unaoyafunika, inayoitwa mesothelioma, ambayo mtu akishaipata ni mara chache kuishi miaka mingi. Lakini ubaya wenyewe hasa uko kwenye saa yake. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua inapita miaka 20, 30, 40, hata zaidi. Mtu anavuta akiwa kijana, anaugua akiwa babu, na kati hapo ameshahama mji na ameshasahau lundo.

Libby palikuwa na mwanamke aitwaye Gayla Benefield. Baba yake alifanya kazi mgodini, akafa mwaka 1974. Mama yake akafa mwaka 1996, naye mgodini hakuwahi kufanya kazi. Alikuwa akifua tu nguo za mumewe. Palikuwa pia na bwana mmoja, Les Skramstad, ambaye kazi yake mgodini haikufika hata miaka mitatu. Mapafu yake yalikwisha, na mkewe pamoja na baadhi ya watoto wake wakaonekana na makovu yale yale, kwa sababu baba alikuwa akirudi nyumbani na vumbi, wanamkimbilia kumkumbatia. Fikiria hilo kidogo. Alifariki Januari 2007.

Hao wawili walipiga kelele miaka mingi na majirani zao wakawachukia, wakisema wanaharibu jina la mji. Mpaka Novemba 1999, mwandishi Andrew Schneider wa gazeti la Seattle Post-Intelligencer alipochapisha habari kuhusu vifo vya Libby. Siku chache baadaye watu wa Shirika la Mazingira la Marekani wakawa wameshafika. Wakakuta vermikulaiti kwenye viwanja vya watoto, kwenye njia ya kukimbilia mbio shuleni, kwenye bustani na madari. Tarehe 17 Juni 2009 serikali ilitangaza hali ya dharura ya afya ya umma katika mji ule, na lilikuwa tangazo la kwanza la namna hiyo chini ya sheria yao ya kusafisha maeneo yenye sumu. Kampuni ilikuwa imeshaomba kinga ya kufilisika tangu 2001. Mwaka 2008 ilikubali kulipa dola milioni 250 za usafishaji. Na mwezi Mei 2009 mahakama ikaiachia huru, yenyewe na maofisa wake, katika kesi ya jinai. Mambo ya mahakama nawaachia wanasheria.

Mimi kilichonishika si kesi. Ni ankara.

Ona basi. Mlima uko Libby, lakini jiwe haliumuki mlimani. Jiwe bichi lilipakiwa kwenye mabehewa likasafirishwa kwenda viwanda zaidi ya 200 vilivyotapakaa Marekani nzima, kila kimoja na tanuri zake, wafanyakazi wake na majirani zake. Ilipofika mwaka 2000 vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa. Kingine kilikuwa ghala la mbao, kingine uwanja mtupu wenye majani. Utaanzia wapi? Hakuna aliyekwenda na hadubini kuzunguka nchi nzima akichungulia udongo. Walianza na karatasi. Walichukua hati za usafirishaji za kampuni, kila mzigo na tani zake na mahali ulipokwenda, wakajumlisha. Wakaona kwamba maeneo 28 peke yake yalipokea karibu asilimia 80 ya mzigo wote, wakaanza na hayo.

Mimi nilizoea kudhani kuchunguza sumu ni kazi ya wenye makoti meupe. Kumbe hatua ya kwanza ni kazi ya mtunza nyaraka. Karani aliyeandika kwa mkono, mwaka 1967 tuseme, kwamba behewa fulani limekwenda Minneapolis, hakujua kwamba anaandika historia ya afya ya watu. Alitaka tu mahesabu yasipishane.

Baada ya karatasi wakaja watu. Wachunguzi walikwenda mtaa kwa mtaa, wakabisha hodi, wakauliza: uliishi hapa miaka gani? Baba yako alifanya kazi wapi? Nani alikuwa anafua? Mlicheza wapi? Minneapolis walihoji maelfu. Nyumba zaidi ya 200 zilionekana kuwa na yale mawe ya bure uani, zikachimbuliwa na kuwekewa udongo mpya miaka ya mwanzo ya 2000. (Huu ndio mji ambao leo Afrika Mashariki inaujua kwa sababu ya Wasomali wengi waliohamia huko. Nao wanaweza kupanga nyumba kwenye mtaa wenye historia kama hiyo bila kuambiwa na mtu.) Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwapiga picha za kifua watu 461 wa mtaa ule ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: karibu mtu mmoja katika kila kumi alikuwa na makovu kwenye utando wa mapafu. Na miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuhusiana na makovu hayo ni kucheza kwenye lundo.

Katika yale maeneo 28 jibu lilikuwa linafanana. Waliofanya kazi viwandani wakati ule walikuwa hatarini. Wake na watoto waliopokea nguo zenye vumbi walikuwa hatarini. Majirani, inategemea: upepo, umbali, lundo. Na wanaoishi au kufanya kazi hapo leo, mara nyingi hatari ni ndogo, isipokuwa pale ambapo mabaki yamefukiwa juujuu au yamebaki ndani ya kuta na dari. Napenda jibu hili kwa sababu halipigi makelele. Halisemi wote mtakufa wala halisemi nendeni mkalale.

Hata hivyo, mtu asidanganyike na kipimo kimoja cha siku moja. Marysville, jimbo la Ohio, palikuwa na kiwanda cha mbolea ya nyasi za bustani kilichotumia vermikulaiti ya Libby kubebea dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wafanyakazi kadhaa walionekana na maji yenye damu kifuani. Madaktari wakawapima watu 513 na picha zikaonyesha mabadiliko kwa kama asilimia 2 tu. Kiasi cha mtu kusema, ah, hilo dogo. Zaidi ya miaka 20 baadaye walirudi wakawapima 280 wa wale wale. Safari hii walikuta makovu kwa zaidi ya robo yao. Kiwanda kilikuwa kimeacha jiwe la Libby zamani. Saa ilikuwa inaendelea kutembea ndani ya watu.

Na udongo je, unapimwaje? Sampuli inachukuliwa, inatazamwa kwa hadubini ya mwanga maalumu. Nyuzi zikiwa ndogo mno inatumika hadubini ya elektroni. Kwa muda mrefu wakubwa walishikilia kwamba kitu chenye asbesto chini ya asilimia 1 hakihesabiwi. Asilimia 1! Watu wakaishika kama amri ya Musa. Kumbe haikutokana na afya ya mtu yeyote. Ilifuata kile ambacho hadubini za wakati ule ziliweza kukiona kwa uhakika. Udongo wenye chini ya hapo, ukiuchokoa siku ya jua, unaweza kutoa hewani nyuzi za kutosha kumdhuru mtu. Kwa hiyo wakabuni njia ambayo mimi naiona ya busara kuliko zote. Mtu anavaa vazi la kujikinga kutoka kichwani mpaka miguuni, anafungwa pampu ndogo yenye kichujio karibu na mdomo, halafu anafanya yale yanayofanywa na watu wa kawaida: anafagia uwanja, anapalilia bustani, anarusha mpira kama mtoto. Kisha kichujio kinahesabiwa nyuzi. Yaani wanapima maisha, hawapimi udongo peke yake.

Hayo yote ni Marekani. Lakini usidhani kwamba elimu hii ilitoka Ulaya na Marekani ikaja kwetu. Sehemu yake kubwa ilitoka huku Afrika, Kimberley, Afrika Kusini. Miaka ya 1950 daktari kijana wa vipimo, J. C. Wagner, alikutana na uvimbe wa ajabu kwenye utando wa mapafu ya maiti, kitu ambacho vitabu vya wakati ule vilisema ni nadra mno. Halafu ukaja mwingine, na mwingine. Akisaidiana na Dk. Sleggs, aliyekuwa akiwatibu watu wa kifua kikuu huko Kimberley, na mwenzao Marchand, wakaanza kuwauliza wagonjwa na jamaa zao swali ambalo daktari mwenye haraka hawezi kuliuliza: ulizaliwa wapi, na utotoni ulicheza wapi? Majibu yakaelekea upande mmoja, kwenye milima ya asbesto ya kaskazini-magharibi ya Cape. Mwaka 1960 walichapisha habari za wagonjwa 33. Wote, isipokuwa mmoja, walikuwa na historia inayowaunganisha na asbesto, na kati yao wapo ambao hawakuwahi kuchimba chochote. Walikuwa tu watoto waliokulia jirani na vinu na malundo.

Swali la Kimberley la 1960 ndilo lilelile lililoulizwa Minneapolis miaka 40 baadaye. Ulicheza wapi.

Sasa turudi kwetu. Vermikulaiti Afrika Mashariki ipo. Namekara, mashariki mwa Uganda, pana mgodi wake unaojulikana duniani, na Phalaborwa, Afrika Kusini, inachimbwa tangu miaka ya 1940. Sitaki mtu asome makala hii halafu amwone muuza maua wa Kirumba na chembe zinazometa kwenye vyungu vyake, akamkimbia. Sumu ya Libby ilikuwa ya mlima wa Libby. Kila mwamba una tabia yake na kila mwamba unapimwa kivyake.

Asbesto kwetu ilikuja kwa njia nyingine, juu ya vichwa vyetu. Miaka ya kuelekea uhuru na baada yake, serikali, mashirika na misheni walijenga shule, hospitali na nyumba za watumishi wakaziezeka kwa mabati ya saruji iliyochanganywa na nyuzi, kwa kawaida kama asilimia 10 hadi 15. Tororo, Uganda, palikuwa na kiwanda kizima cha kazi hiyo, Universal Asbestos Manufacturing Company, jirani na kiwanda cha saruji. Zimbabwe ilichimba nyuzi zenyewe huko Zvishavane. Mabati hayo yalisifiwa: hayashiki kutu, hayapigi kelele mvua ikinyesha, ndani kuna baridi. Sifa zote hizo ni za kweli. Mwaka 2006 Kenya iliitia asbesto katika orodha ya taka za hatari, na tangu hapo kuishusha paani ni kazi yenye masharti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 200,000 duniani wanakufa kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Bati zima lililotulia juu ya paa halirushi nyuzi nyingi. Hatari inaanza linapozeeka likamomonyoka, na inakuwa kubwa linapokatwa, linapotobolewa, linapovunjwa kwa nyundo na kutupwa chini. Yaani kazi ileile aliyoitiwa fundi wetu pale Kiseke, asubuhi yenye upepo wa ziwa, na msumeno mkononi, na wajukuu wa mama mwenye nyumba wamekaa kwenye jiwe wanatazama.

Mama alinisikiliza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hayo mabati yamekaa juu ya watu miaka hamsini. Yamemuua nani?"

Ni swali zuri, tena ni swali la kihistoria. Jibu lake halimo kwenye bati. Limo kwa waliolikata miaka hiyo hamsini iliyopita. Nikamwomba anipe wiki moja. Akakubali kwa shingo upande. Tukayamwagia maji, tukayabeba mazima bila kuyaburuta, tukayalaza nyuma ya nyumba chini ya turubai. Fundi akaondoka akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa hadi mabati. Banda la kuku likajengwa kwa mabanzi. Nami nikaandika barua kwa ofisi inayohusika na mazingira, kuuliza yazikwe wapi na nani.

Huko Libby waliandika ankara. Kwetu ankara iko kichwani mwa wazee, na wazee hao wanapungua. Nikaanza kuuliza mafundi wa zamani wa kuezeka, na watu wakanielekeza kwa babu mmoja, ng'ambo ya mawe makubwa, ambaye tangu ujana wake alizunguka Kanda ya Ziwa na mkandarasi akiezeka majengo ya serikali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kigoda."

Nilikwenda na daftari la kurasa 96. Hakumbuki tarehe, na nilikuwa mjinga kutegemea tarehe. Anakumbuka kwa matukio. Shule fulani waliiezeka kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Zahanati waliiezeka mwaka wa Vita vya Kagera, na walicheleweshwa kwa sababu magari yote yalichukuliwa kwenda vitani. Basi mimi naandika pembeni: kabla ya 1974, 1978 au 1979. Wakati MV Bukoba inazama, Mei 1996, yeye alikuwa ameshaacha kupanda mapaa, kifua kilimkataza. Kifua kilimkataza: maneno yake hayo, wala sikumtangulizia.

"Mlikuwa mnakata na nini, babu?"

"Msumeno wa mkono. Baadaye tukapata wa umeme, tukashukuru. Vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Tukimaliza tunapukutana migongoni, tunacheka, maana kila mtu amekuwa Mzungu."

"Barakoa je?"

"Barakoa gani? Nilikuwa na leso, nayo ilikuwa ya jasho."

Walikuwa sita. Kwenye daftari nimeandika kwa kila mmoja alikotoka, alipofia kama amekufa, na aliumwa nini kwa jinsi watu wa nyumbani kwake walivyoeleza. Wawili waliambiwa ni kifua kikuu, wakanywa dawa zote bila kupona. Sisemi ilikuwa asbesto. Kwa hadithi peke yake hakuna daktari anayeweza kusema hivyo, na vumbi la saruji, moshi wa sigara na kifua kikuu chenyewe vyote vinajua njia ya mapafu. Naandika tu, kama yule karani wa behewa. Nilimwomba babu twende hospitali apigwe picha ya kifua na amweleze daktari kazi aliyoifanya, maana daktari asipoambiwa hatauliza. Alisema tutakwenda akishavuna mpunga. Akavuna, tukaenda. Majibu ni ya kwake.

Majengo aliyonitajia yamefika kumi na tisa. Matano nimeyaona kwa macho yangu, na matatu kati ya hayo bado yana paa lake la zamani, lina kuvu nyeusi, na chini yake watoto wanasoma hesabu. Jioni ya mwisho nilipokaa naye nilikuwa nimebakiza swali moja, lile la Kimberley, ila nililigeuza kidogo. Nikamuuliza vile vipande vilivyokuwa vinabaki baada ya kukata walivipeleka wapi.

"Tulipeleka wapi? Watu walikuja kuchukua. Bure. Masika matope yalikuwa yanasumbua, wakavipondaponda wakatandaza uani."

Nikamwomba anitajie uani kwa nani. Akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole, na mimi nikafungua ukurasa mpya.